Pongezi kwa Wafugaji wa Kajiado

Siku ya mnada Bissil, mfugaji humpapasa ng'ombe mgongoni na mbavuni, akamtazama anavyotembea, ndipo bei hutajwa. Mizani haihitajiki. Ujuzi huo wa Wamaasai wa Kajiado, Kenya, naupongeza kwa moyo wote. Ukame wa 2022 ulijaza mizoga nyikani; aliyebakiwa na mitamba michache alianza upya. Wapo waliopandisha zebu wao kwa ng'ombe wa aina ya Sahiwal ili wapate maziwa zaidi kutoka kwa ng'ombe anayevumilia jua. Kazi hiyo huchukua miaka, na haijasifiwa inavyostahili. Kusini mwa Kajiado, huko Kimana na Loitokitok, wakulima humwagilia nyanya na vitunguu kwa maji yatokayo Kilimanjaro. Nao hongera, ila waachie mifugo njia ya kwenda kunywa.