Picha Moja, Mtu Mmoja

Wiki jana pale Kikula nilimwonyesha mdogo wangu kadi mbili za wachezaji wa mpira kwenye telefoni. Moja ni ya miaka hii: dhahabu, moto, nyota kila pembe, mchezaji anaruka ndani ya moshi. Nyingine ni ya albamu ya Panini ya Kombe la Dunia, Mexico 1970: uso, jina, nchi, basi. Iko muzuri ni ipi? Hakufikiri. "Yaya, hii ya zamani. Ile ingine rangi ni mingi, mutu hatumuone."

Mimi njo nilitaka kumfunza, kumbe yeye njo alinifunza.

Kadi isiyo na mapambo inafanya kazi moja: inakupa mtu, mengine unayajaza wewe. Tazama ile ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa Marekani, iliyotoka ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911. Kichwa na kifua, nyuma rangi ya chungwa tupu, chini jina na mji. Mwaka 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25. Tusidanganyane: bei hiyo inatoka kwa uhaba, si kwa mchoro. Lakini ukiitazama dakika moja, macho hayana mahali pengine pa kwenda isipokuwa kwa yule mtu.

Siye wa Likasi tunajua picha ya namna hiyo. Ni foto ya pasipoti: kitambaa nyuma, uso mbele, usicheke. Ni ile ya kadi ya kazi ya baba zetu pia. Kwa hiyo tusiseme wepesi ni heshima wakati wote. Uso na namba vinaweza kukuhesabu tu, bila kukuheshimu.

Heshima inaanzia wapi basi? Kwangu, ni pale kipimo kinapokuwa kimoja kwa wote. Pelé anapata kisanduku kimoja, beki ambaye hakuna anayemjua naye anapata kimoja. Panini wenyewe walivunja kanuni hiyo. Kwenye albamu ya Hispania 1982, wachezaji wa Kameruni na wa Algeria walibanwa wawili wawili kwenye picha moja. Mchoro ni uleule safi, lakini unasema: hawa ni nusu. Tarehe 16 Juni mwaka ule, hao nusu wa Algeria wakawapiga Ujerumani Magharibi 2-1. Kameruni nao wakarudi kwao bila kufungwa mechi hata moja.

Nasema haya juu nami nina kosa langu. Nilikuwa natengeneza kadi za timu ya watoto wa mtaa kwenye ordinateri. Kapiteni nilimpa moto na dhahabu, ukurasa mzima. Wa akiba niliwaweka wanne kwenye kadi moja, chini, vichwa vidogo vidogo. Niliona ni kazi ya mtu aliyesoma.

Nimefuta yote. Sasa kila mtoto ana kadi yake: nyuma nyeupe, uso, jina lake lote. Siku ya kuzigawa, wa kwanza kufika alikuwa kipa wa pili, yule ambaye hajacheza mechi hata moja. Akauliza kama anaweza kupata mbili, moja ya mama yake.