Nyumba Ndani ya Nukta

Mfululizo wa picha za NASA kuhusu mchanga wa mafuta wa Athabasca, Kanada, nimeurudia mara nyingi. Setilaiti za Landsat zinaanzia 1984: msitu, mto, migodi michache kando yake. Mwaka baada ya mwaka kijani kinaliwa, mabwawa ya maji machafu yanatanda. Hapo kazi yao si mchezo. Msemaji wa kampuni atabishana na nini?

Lakini nina neno. Nukta moja ya Landsat ni mita 30 kwa 30, nyumba nzima inamezwa humo. Fort McKay, makazi ya watu wa Cree, Dene na Métis, yako katikati ya migodi, ila kwenye picha ni kama hayapo. Harufu ndiyo kabisa, haipigwi picha. Tena karibu asilimia 80 ya akiba hiyo iko chini mno kuchimbwa kwa mashimo ya wazi. Nyingi huyeyushwa kwa mvuke na kuvutwa kwa mabomba. Kutoka juu unaona viraka vidogo msituni, unadhani mambo ni shwari.

Utazame mfululizo huu, tafadhali. Halafu uulize wenyeji wamesema nini, kwa sababu picha hizi hazikuwauliza.