Majira ya Kupukutika: Bustani ya Karel Čapek mbele ya mfasiri wa Kiswahili

Katika fasihi ya Ulaya inayohusu bustani ya maua ya nyumbani, Zahradníkův rok cha Karel Čapek, kilichotoka mwaka 1929 kwa Kicheki, kina nafasi ya pekee. Kwa Kifaransa kinaitwa L'Année du jardinier. Mwandishi huyo, anayejulikana zaidi kwa tamthilia ya R.U.R. (1920) iliyoueneza ulimwenguni msamiati wa « roboti », alihamia mwaka 1925 pamoja na kaka yake Josef katika nyumba pacha huko Vinohrady, Prague. Kitabu kinaifuata bustani mwezi kwa mwezi. Michoro ni ya Josef.

Swali tunalolijadili hapa ni la mfasiri. Sura za Septemba na Oktoba, joto la Ulaya linapokwisha, zisemwe kwa Kiswahili gani? Vuli, neno ambalo wengi hulitumia mahali pa « automne », ni mvua fupi za pwani ya Afrika Mashariki, kati ya Oktoba na Desemba. Ni wakati wa kupanda. Kipupwe ni baridi ya katikati ya mwaka. Yanabaki maelezo: majira ya kupukutika kwa majani.

Kwa mtazamo wa kwanza, maelezo hayo yanamsaliti mwandishi. Kwa Čapek, Septemba ni mwezi wa kuchanua mara ya pili: asta, dalia na krisantemu ziko tayari, ardhi inafunguka tena, mtunza bustani anarudia kupanda. Katika sura zinazofuata anakwenda mbali zaidi na kukana kwamba maumbile yanalala. Jani linaanguka, ndiyo, lakini kwenye tawi kitumba cha mwaka ujao kimekwisha kufungwa, na chini ya udongo kazi inaendelea. Kuyaita majira hayo kwa jina la hasara ni kukisahau kitumba.

Hata hivyo, tunaona kwamba maelezo hayo ndiyo yafaayo. Hoja ya Čapek ni ya ubishi: inahitaji kwanza imani ya watu kwamba mwaka unakufa, ndipo iipindue. Vuli, kwa kuwa tayari inanukia mbegu, humpa msomaji jibu kabla ya swali, na mzaha wote unapotea.

Msomaji wa Lubumbashi ana njia yake ya kuuingia ubishi huo. Katika misitu ya miombo ya Katanga, majani mengi mekundu ya Septemba ni machanga, yanayochipuka kabla ya mvua kunyesha. Rangi ambayo Prague huagia, sisi twapokelea. Mwalimu akianzia hapo, wanafunzi wataelewa upesi kwa nini kamusi peke yake haitoshi.

Kasoro moja haifichiki. Bustani ya Čapek ni ya mtu aliyeshiba; udongo wake hautazamiwi kulisha nyumba. Kwa yule ambaye mvua ya kwanza ni wito wa kupanda mahindi, mzaha huo huenda ukaonekana mwepesi. Lakini mtu anayefukia tunguu za tulipu kabla ya theluji, akangoja mpaka mwaka mwingine kuliona ua, ana subira ambayo mkulima yeyote ataitambua. Mfasiri na alitunze neno kupukutika. Kitumba, mwandishi mwenyewe atakionyesha.