Kazi Kabla ya Filimbi

Mpira ukitua kwenye uwanja wa mchanga mjini Garissa, haudundi kama unavyodunda kwenye nyasi. Unazama kidogo, unapoteza kasi, halafu kokoto ikiupata unakwenda upande ambao hakuna aliyeutarajia. Ndiyo sababu anayefundisha wasichana hapa huwa hana haraka na somo la kwanza. Husubiri jua lilegee na sala ya alasiri imalizike, kisha huuzunguka uwanja akiokota miiba ya migunga na vipande vya chupa. Mbuzi huswagwa kando. Koni hupangwa, na zisipotosha, chupa za plastiki zilizojazwa mchanga hushika nafasi yake.

Kabla ya mpira kuguswa, mitandio hukaguliwa. Pini hutolewa, kwa kuwa inaweza kumchoma mwenyewe au mwenzake wakigongana, na ncha za kitambaa huchomekwa ndani ya shingo ya fulana. Jambo hili dogo liliwahi kufunga milango mikubwa: mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki kwa sababu ya hijabu. Bodi inayotunga sheria za mchezo iliruhusu rasmi kufunika kichwa Machi 2014. Kwenye Kombe la Dunia la wanawake la 2023, beki wa Morocco Nouhaila Benzina aliingia uwanjani akiwa na hijabu yake, wa kwanza kufanya hivyo katika mashindano hayo ya wakubwa.

Somo lenyewe ni kutuliza mpira. Wasichana husimama wawili wawili, hatua 5 kati yao. Mpira hupigwa kwa upande wa ndani wa mguu, kifundo kikiwa kimekazwa. Anayeupokea hunyoosha mguu kuufuata, halafu unapomfikia huurudisha nyuma kidogo, kama mtu anayepokea kibuyu cha maziwa kilichojaa. Akichelewa, mpira humpita. Akikakamaa, humruka. Kocha mzuri haongei sana katika hatua hii. Anayekosea humsogezea koni hatua moja karibu, anamwacha apige pasi kadhaa, kisha huirudisha koni mahali pake bila kusema neno. Mara mia, mara mia mbili, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Mpita njia ataona watoto wanasukumiana mpira tu, na atakuwa na haki ya kuchoka kutazama.

Kaskazini mwa Kenya, hata kuwafikisha wasichana uwanjani kumekuwa kazi ya miaka. Marsabit, wakili Fatuma Abdulkadir Adan alianzisha shirika la HODI mwaka 2003, akatumia mpira kuwakutanisha vijana wa jamii zilizokuwa zikipigana, kisha akawaingiza wasichana katika mchezo huohuo. Kazi ya namna hiyo haihesabiwi kwa mabao. Kocha lazima kwanza azungumze na mama, na baba, na shule, na mara nyingi na mjomba ambaye hakuna aliyemtaja hapo mwanzo.

Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 370, na huko hatua ya mwisho ya ufundi huu iko mikononi mwa Beldine Odemba, kocha wa Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake, ambaye pia amewahi kuifundisha klabu ya Kenya Police Bullets. Tofauti yake na mwalimu wa uwanja wa mchanga ni muda. Wachezaji wake wamefundishwa kutuliza mpira na watu wengine, wengi wao katika shule za magharibi kama Butere na Wiyeta, kisha vilabuni. Yeye huwapata kwa siku chache tu, wengine wakiwa wametoka kwenye ndege.

Siku chache hazitoshi kumfundisha mtu kupiga pasi, kwa hiyo kocha wa taifa hufundisha umbali. Mabeki 4 husimama kwenye mstari, mpira husogezwa upande wa kushoto kwa mwendo wa kutembea, na mstari mzima husogea nao. Kocha husimamisha zoezi, humshika beki wa kulia bega na kumvuta mita 2 ndani, kisha zoezi linaanza upya. Baada ya kutembea huja kukimbia pole, halafu wapinzani wenye vizibao huongezwa mmoja mmoja. Kona na mipira ya adhabu huja mwisho, miguu ikiwa imechoka, kwa sababu hata kwenye mechi nyingi hutokea hivyo. Mimi huona hapa ndipo penye uhodari: kujua nini cha kuacha. Kocha mwenye siku 5 akifundisha mambo 10, wachezaji wataingia uwanjani na nusu ya kila moja.

Septemba 2023, wakitafuta kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake (WAFCON), Starlets walifungwa 1-0 na Cameroon ugenini, wakashinda 1-0 nyumbani, wakapita kwa penalti 4-3. Raundi iliyofuata Botswana waliwatoa: sare ya 1-1 Nairobi, kisha kipigo cha 1-0 huko Gaborone. Kazi ikaanza tena kwenye mstari wa mabeki.

Mwaka uliofuata, kocha Mildred Cheche aliipeleka Junior Starlets, timu ya wasichana wa chini ya miaka 17, kwenye Kombe la Dunia huko Jamhuri ya Dominika. Hakuna timu ya Kenya ya soka iliyokuwa imewahi kufuzu Kombe la Dunia la FIFA. Walifungwa 2-0 na Uingereza, wakafungwa 3-0 na Korea Kaskazini, halafu wakaishinda Mexico 2-1. Kuwaamsha watoto baada ya vipigo viwili, wakaingia kucheza mpira na si kujihami tu, ni ufundi ambao kamera haiuoni.

Februari 2025 kikosi cha Odemba kiliitoa Tunisia. Oktoba ikawa zamu ya Gambia, 3-1 uwanjani Nyayo. Marudiano ya namna hiyo ni mtihani mgumu kwa kocha, kwani timu inayoongoza hushawishika kurudi nyuma na kungoja muda uishe, na mstari ule wa mabeki ukizama mno langoni, kila krosi huwa hatari. Starlets hawakuruhusu bao, wakafunga 1, jumla ikawa 4-1 na tiketi ya WAFCON 2026. Mara ya kwanza Kenya kufuzu, mwaka 2016 chini ya David Ouma, ilibidi mabao ya ugenini yahesabiwe baada ya sare mbili na Algeria. Safari hii hakuna aliyehitaji kuhesabu.