Mizani inasema sawa, helikopta inatetemeka: karatasi ya maelekezo imeacha nini?

Ukikutana na helikopta ya zamani ya rimoti, zile za injini ndogo za miaka ya 1980 na 1990, kuna uwezekano mkubwa mapanga yake ni ya mbao. Yangu niliipata mtumba, na ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelekezo. Leo naikosoa hiyo karatasi. Haidanganyi, ila imeeleza nusu tu, na kwa kitu kinachozunguka kwa kasi hivi, hiyo nusu iliyoachwa inaweza kukutoa jicho.

Kuhusu mapanga inasema hivi: yafunge mawili kwa bolti moja yakielekea pande tofauti, yaning'inize kama mizani, kisha bandika selotepu kwenye ncha ya panga jepesi mpaka yatulie. Basi, imeisha. Nikafuata, mizani ikatulia kabisa. Nilipowasha injini, helikopta ilitikisika kama pangaboi lililolegea bolti. Nikazima haraka.

Sasa tupige hesabu kidogo, usikimbie. Chukua panga la gramu 100, ambalo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 30 kutoka kwenye mhimili wa rota. Likizunguka mara 1,500 kwa dakika, bolti inalishikilia kwa nguvu ya takriban nyutoni 740, sawa na uzito wa kilo 75. Yaani mfuko mmoja na nusu wa saruji unaning'inia kwenye bolti moja na kipande cha mbao. Kama ncha iko sentimita 60 kutoka kwenye mhimili, inapita kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Ndiyo maana tofauti ndogo ya uzito si ya kupuuza.

Tatizo la ile mizani ni kwamba inapima umbali kuanzia kwenye bolti. Angani mapanga hayazungukii bolti, yanazungukia mhimili, ambao uko ndani zaidi, tuseme sentimita 5. Sasa fikiria panga la kwanza lina gramu 10 za ziada karibu na shina, sentimita 5 kutoka kwenye bolti. La pili umelibandika gramu 1 ya selotepu, sentimita 50 kutoka kwenye bolti. Kwenye mizani: 10 × 5 ni 50, na 1 × 50 ni 50. Safi! Lakini pima kutoka kwenye mhimili: 10 × 10 ni 100, na 1 × 55 ni 55. Hiyo tofauti ya 45, kwa mwendo uleule, ni nyutoni 11 hivi. Ni kama uzito wa zaidi ya kilo moja unaoivuta helikopta huku na huku mara 25 kila sekunde, wakati mizani ilishakuambia mambo ni shwari.

Karatasi ingekuwa sahihi kama mapanga yote mawili yangefanana kila mahali. Plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu moja inakaribia hapo. Mbao haifiki. Ubao mmoja tu unaweza kuwa mzito upande huu na mwepesi ule, kutegemea mti ulivyokua.

Utaratibu mzuri unahitaji hatua mbili zaidi. Kwanza, laza kila panga juu ya penseli, tafuta mahali lisipoelemea upande wowote, weka alama. Kama alama haziko umbali sawa kutoka kwenye tundu la bolti, ongeza selotepu kwenye ncha au karibu na shina la panga moja mpaka zilingane. Pili, pima uzito wa kila panga, na lililo jepesi liongezee selotepu juu ya alama yenyewe, ili kitovu kisihame. Uzito ukilingana na kitovu kikilingana, haijalishi unapima kutoka kwenye bolti au kwenye mhimili. Mizani ya karatasi inabaki kuwa ya kuhakikisha tu. Ila usirundike selotepu kwenye ukingo wa nyuma: kitovu kikirudi nyuma, panga linaweza kuanza kupepesuka hewani.

Karatasi pia haisemi neno kuhusu unyevu. Kila mwenye mlango wa mbao unaogoma kufunga masika anajua mbao inakunywa maji. Hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 65 huipa mbao maji kama asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Kwenye asilimia 90, yanakaribia asilimia 20. Karatasi ya plastiki iliyofunika panga inazuia sana, lakini tundu la bolti na ncha mara nyingi huachwa wazi, na mbao hunywa haraka zaidi pale nyuzi zilipokatwa. Paka vanishi sehemu hizo, subiri ikauke, ndipo usawazishe. Mafuta yanayotoka kwenye ekzosi nayo yafute kila baada ya kuruka.

Nyufa nazo hazikutajwa kabisa. Kabla ya kuruka, pindisha panga taratibu kwa mkono na usikilize, kisha kagua kuzunguka bolti. Likiwa na ufa, hata mdogo, usiligundishe. Ukikumbuka ile mifuko ya saruji, utalitupa bila kinyongo.

Wengi sasa wamehamia mapanga ya nyuzi za kaboni, na sababu wanazo. Ila mbao ina wema wake: ikigonga ardhi inavunjika yenyewe, na mara nyingi kichwa cha rota kinapona. Mimi bado naruka na ya mbao. Ile karatasi nimeibandika ukutani, hatua zilizokosekana nimeziandika pembeni kwa kalamu nyekundu.