Maridhiano ya Zanzibar: nguvu yake na pengo lake

Kabla ya maridhiano, Zanzibar ilishakuwa na miafaka miwili. Wa kwanza, wa Juni 1999, ulisimamiwa na Jumuiya ya Madola. Wa pili ulikuja Oktoba 2001, miezi michache baada ya maandamano ya Januari yaliyogharimu maisha ya watu zaidi ya 30, wengi wao Pemba, na kuwafanya watu wapatao 2,000 wakimbilie Shimoni, Kenya. Yote miwili ilikuwa ahadi baina ya chama tawala, CCM, na chama cha upinzani, CUF, na chama kilipoghairi, mwananchi hakuwa na pa kushika. Machi 2008 huko Butiama, Halmashauri Kuu ya CCM ilitaka wananchi waulizwe kwanza kuhusu suala la kugawana madaraka. Mazungumzo ya vyama hivyo yakavunjika.

Sifa nyingi za maridhiano hupewa kikao cha 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume alipokutana na kiongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, Ikulu bila msuluhishi wa nje. Kwangu mimi, uzito uko katika yaliyofuata. Januari 2010 Baraza la Wawakilishi lilipitisha hoja binafsi ya Abubakar Khamis Bakary, kiongozi wa upinzani barazani. Ikatungwa sheria ya kura ya maoni, na tarehe 31 Julai asilimia 66.4 ya wapiga kura wakasema ndiyo kwa kugawana madaraka. Sharti lililokwamisha mazungumzo Butiama ndilo lililoyapa maridhiano uhalali. Agosti yakaja Mabadiliko ya Kumi ya Katiba: Makamu wa Kwanza atoke chama kilichoshika nafasi ya pili, wizara zigawanywe kwa uwiano wa viti, na vifungu hivyo visiguswe bila kurudi kwa wapiga kura. Uchaguzi wa Oktoba, Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1. Maalim aliyakubali matokeo, akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza.

Waliofiwa, hata hivyo, hawakupewa nafasi katika mpango huo. Kenya, baada ya usuluhishi wa Kofi Annan mwaka 2008, iliunda tume ya ukweli iliyozunguka nchi ikisikiliza waathirika. Zanzibar ilikuwa na Tume ya Hashim Mbita, nayo ilichunguza matukio ya Januari 2001 tu; machungu ya Mapinduzi ya 1964 yalibaki majumbani.

Pengo la pili ni la kisheria. Katiba iligawa madaraka baada ya matokeo, lakini ikaacha kifungu kinachozuia mahakama kuhoji tangazo la Tume ya Uchaguzi kuhusu nani kachaguliwa Rais. Kwa hiyo mwenyekiti wa Tume hiyo, Jecha Salim Jecha, alipofuta uchaguzi tarehe 28 Oktoba 2015, wagombea hawakuwa na njia ya kutegemea ila siasa. CUF ilisusia marudio ya Machi 2016, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa wazi hadi Desemba 2020, Maalim Seif aliporudi kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Kifungu hicho ndicho kingekuwa ajenda ya kwanza ya mazungumzo yoyote mapya, kabla ya kuzungumzia nani apewe wizara gani.