Walioketi Nyuma ya Darasa

Ukitaka kuujua ufundi wa kufundisha lugha ya kigeni mjini Lubumbashi, usimtazame kwanza mwalimu aliyesimama ubaoni. Watazame walioketi nyuma ya darasa, daftari mapajani. Ndivyo walimu wanavyolelewa Kongo: anayesomea ualimu katika ISP, Taasisi ya Juu ya Ualimu, hutumwa shuleni akafundishe somo zima huku wenzake na mkufunzi wakimsikiliza. Somo likiisha huja kritiki. Kwa kawaida aliyefundisha hujikosoa mwenyewe kwanza, wenzake wakafuata, mkufunzi akafunga. Baadaye, akishaajiriwa, ataukuta utaratibu wa namna hiyo katika yuniti pedagojiki ya shule yake, ambapo walimu wa somo moja hukutana na kutazamana wanavyofundisha.

Ninaloliheshimu katika kikao hicho ni usahihi wake. Hakuna anayeachiwa aseme tu kwamba somo lilikuwa zuri. Mkosoaji hodari atasema: uliuliza swali, ukalijibu wewe, mstari wa mbele ulizungumza, wa nyuma haukufungua kinywa, kosa lile ulilisahihisha upesi mno, mtoto hakupata nafasi ya kulisikia. Maneno hayo yanauma, na yanamjenga mtu kuliko cheti chochote.

Kabla ya hapo kuna fishi ya matayarisho. Kwa mgeni ni karatasi ya kumridhisha inspekta: marudio, motisha, tangazo la somo, uchambuzi, muhtasari, mazoezi. Kwa fundi, uzito wote umo katika safu moja, ile ya majibu yanayotarajiwa. Mwalimu asiyeiva huandika humo jibu sahihi peke yake. Aliyeiva huandika pia jibu baya litakalokuja, na ana hakika litakuja, kwa sababu anajua ulimi wa mtoto umetoka wapi.

Chukua jambo dogo la umri. Mtoto wa Lubumbashi husema nyumbani kwamba ana miaka kumi. Kifaransa cha shuleni nacho kinatumia kitenzi cha kuwa na kitu, kwa hiyo hapo lugha zake mbili zinakubaliana. Kiingereza kinakataa: kinataka kitenzi cha kuwa, basi. Mtoto anayekosea hapo anazifuata lugha mbili anazozijua, na kumkaripia ni kumwadhibu kwa kumbukumbu nzuri. Au chukua jinsia. Katika Kiswahili baba anakuja na mama anakuja, kwa kiambishi kilekile. Katika Kifaransa na Kiingereza lazima uchague, na kila mwalimu amewahi kumsikia mwanafunzi akimgeuza mama yake mwanamume. Hata sauti: mji ambamo barabara huitwa balabala lazima uwape watoto mazoezi ya kutenganisha r na l. Mwalimu mzuri huyatenga mapema, wiki za mwanzo, kabla mazoea hayajaota mizizi.

Maarifa haya yamewahi kuandikwa, na kwa kina. Chuo kikuu cha mji huu kilianzishwa mwaka 1955, mji ukiitwa bado Elisabethville. Mbelgiji Edgar Polomé alifundisha hapo, akakisikiliza Kiswahili cha mjini kwa makini. Mwaka 1967 kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilitoka Washington, na mwaka uliofuata makala yake juu ya Kiswahili cha Lubumbashi. Mwaka 1982 Walter Schicho alitoa Vienna utafiti mzima wa sintaksia ya Kiswahili hicho, kwa Kijerumani. Mjini penyewe, baada ya mageuzi ya vyuo vikuu ya 1971 kukikusanya Kitivo cha Fasihi Lubumbashi, kulikuwa na CELTA, kituo cha isimu nadharia na isimu tumizi, kilichochapisha tafiti zake papo hapo. Ni urithi mkubwa kwa mji mmoja. Lakini waliouandika walikuwa hasa wanaisimu, wakiwaandikia wanaisimu.

Walimu wa kawaida walikuwa na majarida mengine. Le français dans le monde lilianza Ufaransa mwaka 1961, na shirikisho la kimataifa la walimu wa Kifaransa, FIPF, likaundwa mwaka 1969. English Teaching Forum la serikali ya Marekani limekuwa likiwafikia walimu wa Kiingereza nje ya nchi hiyo kupitia balozi zake. Nayapenda majarida haya kwa jambo moja: humchukua mwalimu kuwa mtu mwenye la kusema, na kumwomba aeleze somo lililomfaa ili mwingine alijaribu. Hata hivyo hayawezi kumjua mtoto wa Kenya au wa Katuba, mitaa ya kwetu, wala kujua kwa nini anateleza pale anapoteleza.

Anayejua ni yule wa nyuma ya darasa, mwenye daftari. Na daftari hilo, baada ya kritiki, huishia kabatini. Tangu Kongo ilipotia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiingereza kinahitajika zaidi, na barabara ya Kasumbalesa kuelekea Zambia ilikuwa imekwisha kukidai kabla ya hapo. Wakufunzi wa ISP na wa chuo kikuu, naomba jambo lililo ndani ya uwezo wenu: yakusanyeni madaftari ya kritiki, chagueni makosa yanayorudi na mbinu zilizoyatibu, mkatoe kijitabu kimoja kwa mwaka, kwa Kifaransa na Kiswahili, hata kama ni cha fotokopi. Andikeni humo majina ya walimu waliogundua mbinu hizo. Kisha kipelekeni Likasi, Kipushi na Kasenga, ambako mwalimu wa Kiingereza mara nyingine hana mwenzake wa somo hilo shuleni.